Shemeji Anataka Thiknesa, Mimi Nataka Jointa, na Pesa Inatosha Mashine Moja

Mama, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi na sikudhani siku moja nitakuandikia mambo ya mbao, nimezoea kuona watu wakikuletea mambo ya ndoa na mashamba. Lakini hii yangu pia iko na ndoa ndani, utaona.

Niko na banda la useremala Kariobangi Light Industries. Tunatengeneza vitanda, meza za daining, makabati, na viti oda ikiingia. Wenye banda ni wawili, mimi na shemeji yangu, ndugu mdogo wa mke wangu, halafu tuko na vijana wa kutusaidia. Shemeji nilimfundisha kazi mimi mwenyewe, alikuja hajui hata kushika randa, na leo ni fundi kamili, hiyo siwezi kumnyima. Siku hizi yeye ndiye anashika simu za kastoma na kupiga picha za kazi kuweka mtandaoni na oda nyingi zinakuja kupitia kwake.

Shida yetu ni kupiga randa. Mbao tunanunua Gikomba, saiprasi na mukima mara nyingi, mahogani ama mvule kastoma akiwa na pesa. Zinatoka kwa msumeno zikiwa bado chafu na tunawaachia watu wa yadi wazipige randa kwa mashine yao, wanachaji kwa futi, unapanga laini, saa zingine ukikaribia kufika stima inapotea na unaambiwa rudi kesho, na mkokoteni umeshalipa. Na hata ukipigiwa, mbao inatoka laini ukiipapasa ni kama karatasi, lakini ukiilaza sakafuni unaigusa kona moja ile kona nyingine inainuka. Imepinda vile tu ilikuwa imepinda, tofauti ni imekuwa laini. Sasa nikitaka kuunganisha uso wa meza nachukua mbao mbili nazishikanisha ubavu kwa ubavu naziinua kuelekea mlangoni, na naona mwanga unapita katikati, mwembamba, unaanzia hapa unapotelea pale. Nakaza klampu mpaka zinalia. Gundi inashika, meza inatoka poa, kastoma anafurahi, halafu miezi kadhaa baadaye anapiga simu ati kuna ufa. Nimechoka na hizo simu mama.

Tumeweka akiba ya pamoja. Nusu ni ya shemeji, nusu ni yangu na mke wangu, na kwa hiyo nusu yetu sehemu kubwa mke wangu alikopa kwa chama chao. Inatosha mashine moja ya maana. Mbili haitoshi.

Mimi nataka jointa ya inchi 6, ile huku wengi wanaita safisi, juu hiyo ndiyo itanyoosha mbao na kuweka ubavu skwea. Shemeji anataka thiknesa ya mezani ya inchi 13, mashine ya kupiga randa inayoipa mbao unene mmoja. Anasema tukiwa na hiyo mafundi wote wa laini yetu watakuja kupigiwa randa kwetu badala ya kwenda Gikomba, tutalipwa kwa futi na deni la chama litaisha haraka. Nikimwambia thiknesa hainyooshi ananiambia kuna ujanja wa kunyoosha kwa thiknesa ameona kwa video. Mimi siamini.

Halafu juzi kumetokea kitu cha tatu. Kuna mzee Industrial Area anafunga karakana na anauza mashine ya zamani ya kutoka Uingereza, chuma kizito, juu jointa chini thiknesa, mashine moja. Bei iko karibu na pesa yetu. Lakini mota ni ya thri fezi, yaani stima ya nyaya tatu za moto, na sisi kwa banda tuko na stima ya kawaida, na anataka deposit kabla mwezi haujaisha.

Wiki iliyopita nilipotaja jointa tena, shemeji aliniambia mbele ya vijana, "Mzee, wewe unataka mashine ya kufanya kazi ya zamani." Nilinyamaza. Nyumbani mke wangu akasema nyinyi mkubaliane, yeye anachotaka ni pesa ya chama irudi. Tangu hapo mimi na shemeji tunaongea ya kazi tu. Nikikataa mashine yake naogopa mama mkwe atasikia ati namkandamiza kijana wake, na nikikubali naona tutabaki kulainisha mbao zilizopinda, safari hii kwa pesa yetu.

Nifanye nini?

Fundi, Kariobangi

*

Marahaba mwanangu.

Nimekulia kwa banda la seremala, kwa hivyo hiyo mbao yako inayocheza sakafuni naiona kabisa. Na naona umeniletea mambo matatu yamefungwa pamoja kama mzigo mmoja: mbao zinazopinda, pesa ambayo ni ya watu watatu, na neno uliloambiwa mbele ya vijana. Wacha tuanze na mbao, hapo kuna vitu vya kushika, halafu tuje kwa watu polepole.

Macho yako hayajakudanganya. Thiknesa iko na roli zinazokandamiza mbao ikipita chini ya visu. Mbao iliyojikunja ikiingia inalazwa kwa nguvu, inakatwa ikiwa imelala, ikitoka tu inarudi vile ilikuwa. Kwa hivyo wale wa yadi hawakuibii, mashine yao inafanya kazi yake, ambayo ni kufanya uso wa juu ulingane na uso wa chini. Kama wa chini umepinda, wa juu utapinda nao.

Lakini jointa nayo, mwanangu, umeiangalia mpaka mwisho? Itakupa uso mmoja ulionyooka na ubavu mmoja ulio skwea na huo uso. Hapo ndipo inaishia. Ukigeuza mbao upige uso wa pili kwa jointa hiyo hiyo, utanyooka sawa, ila hakuna kitu kinachoulazimisha ulingane na ule wa kwanza, na unaweza kupata mbao nene huku na nyembamba kule. Mbao tano za namna hiyo ukiziunganisha utakuwa na kazi nyingine ya kusawazisha uso wa meza kwa mkono. Ndiyo maana karakana nyingi zina zote mbili, jointa kwanza, thiknesa baadaye. Wewe umeshika nusu ya kazi na shemeji ameshika nusu nyingine, na kila mmoja anaongea kana kwamba yake ndiyo kazi yote.

Huo ujanja wa video sasa. Upo, na unafanya kazi. Unachukua plaiwudi nene ama MDF iliyonyooka kabisa, unalaza mbao juu yake, unaangalia pale inaning'inia unachomeka vikabari vidogo, unavishika kwa gundi ya moto visitembee, na mbele unaweka kizuizi mbao isiteleze. Halafu unapitisha vyote pamoja kwa thiknesa kidogo kidogo, milimita moja ama chini yake. Roli zikikandamiza mbao haina pa kushuka, juu panatoka pamenyooka. Unaitoa, unaigeuza, unapitisha upande wa pili bila hiyo plaiwudi. Ubavu unaumaliza kwa randa ndefu ya mkono, ama msumeno wa meza wenye fensi nzuri. Lakini ni polepole, na kwa mbao ya futi 7 iliyo nzito vijana wawili watakuwa wanabeba na kupokea kutwa nzima, na ukiwa na oda ya vitanda sita sijui kama mtavumilia. Swali langu ni hili, mlishawahi kukaa wewe na yeye mkaiangalia hiyo video pamoja? Barua yako inasema ameiona yeye. Haisemi mmeiona.

Na kabla ya mashine yoyote naomba uniruhusu niulize juu ya maji. Saiprasi ya Gikomba mara nyingi iko mbichi. Unaweza kuinyoosha leo kwa jointa nzuri kuliko zote Nairobi, ikae wiki kadhaa kwa banda ikaukie, ijikunje upya. Kata kipande kidogo katikati ya mbao, si mwishoni kwa sababu mwisho hukauka haraka, ukipime kwa mizani ya jikoni, uandike, ukiweke ndani, ukipime tena baada ya siku chache. Kama uzito bado unashuka, mbao bado inakauka. Ukiona uzito umesimama, hapo sasa unaongea na mbao iliyotulia. Wengine hupiga randa mara mbili, ya kwanza wanaacha unene wa ziada, wanazipanga na fito katikati hewa ipite pande zote, ndio wanamalizia baadaye.

Tena huo ufa wa kastoma, uko wapi hasa? Uko kwa maungio ya gundi, ama uko katikati ya mbao yenyewe? Na uso wa meza mliufunga vipi kwa fremu? Mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake hewa ikibadilika, mvua na kiangazi, na hata ikiwa kavu haiachi. Ikiwa imepigwa skrubu imekazwa kote haina pa kwenda, itajipasua. Mafundi huacha tundu refu kidogo, skrubu iweze kutembea. Huenda kuna sehemu ya hizo simu ambayo hakuna mashine kati ya hizo tatu itaiondoa, na ningependa ujue ni sehemu gani kabla ya kutoa shilingi.

Turudi kwa mipango yenyewe. Mpango wa shemeji wa kupigia majirani randa una akili, na naona anafikiria deni la dadake, hilo lisikupite. Lakini ni kazi tofauti na useremala. Zile thiknesa ndogo za mezani hutumia mota ya brashi za kaboni, zinapiga kelele sana, na zimeundwa kwa kazi ya fundi mmoja, si kupokea mbao za laini nzima kutoka asubuhi mpaka jioni. Halafu mbao za watu hujui zimetoka wapi. Msumari mmoja kwa mbao ya kubomolewa unaharibu visu vyote kwa mara moja. Mvule nao una mawe ndani, chokaa ngumu inayojitengeneza kwenye mti ukiwa hai, hauioni mpaka kisu kimegonga. Nani atalipa visu? Nani atasimama kwa mashine wakati oda zenu zinangoja? Muulize hayo kama mtu anayetaka mpango ufaulu, na umwache ajibu mpaka amalize.

Jointa ya inchi 6 nayo ina mipaka yake. Mbao ya inchi 8 kwa 1 haipiti, itabidi uipasue kwanza. Urefu wa meza yake pia ni jambo, mafundi husema itanyoosha vizuri mbao ya hadi kama mara mbili ya urefu wa meza, zaidi ya hapo ni kupigana. Na jointa ni mashine ambayo mkono unapita juu ya visu, kwa hivyo na vijana ulio nao lazima kinga ikae pale juu kila siku, wawe na vipande vya kusukumia, glovu zivuliwe, na mbao iliyo fupi kuliko futi moja isipitishwe kabisa. Hili nasema kwa uzito wote, nimeona vidole vya mafundi.

Hiyo ya mzee wa Industrial Area ndiyo inavutia na ndiyo yenye maswali mengi. Chuma kizito hakitetemeki, na kwa mashine za aina hiyo upana wa juu mara nyingi ni ule ule wa chini, inchi 10 ama 12, kwa hivyo mbao zenu pana zingepita. Utapoteza muda kubadilisha kutoka kazi ya juu kwenda ya chini, lakini ukipanga kazi, leo nyuso zote, kesho unene wote, hiyo si mzigo. Mota ndiyo kazi. Nenda na fundi wa stima asome kibao chake. Kikiandikwa 240/415 kuna uwezekano wa kuiunga delta, namna moja ya kuunganisha nyaya zake, na kuiendesha kwa laini yenu ya kawaida kupitia inverta ya mota, si ile ya sola. Kikiwa 415 peke yake mambo yanakuwa magumu, ni kubadilisha mota ama kuomba laini ya thri fezi, na hapo kuna pesa nyingine na kungoja, na mwenye banda lazima akubali. Angalia pia kichwa cha visu, kile chuma kinachozunguka kikiwa kimeshika visu. Kikiwa cha mviringo sawa. Kikiwa cha mraba ondoka hapo, hizo zilikatazwa kitambo huko huko Uingereza kwa mashine za kusukuma kwa mkono, kwa sababu pengo lake linavuta mkono ndani. Beringi unazisikia kwa kuzungusha kichwa kwa mkono mashine ikiwa imezimwa na imetolewa kwa stima.

Iko njia nyingine hukuitaja, ya kutonunua mwezi huu. Tafuteni karakana yenye jointa na thiknesa, mlipe kwa oda moja tu, mbao zilizokauka, muunganishe meza moja, na meza nyingine mtengeneze kwa ujanja wa shemeji kwa thiknesa ya mtu. Muone tofauti kwa macho yenu wawili. Ubaya wake ni kwamba mashine ya mzee inaweza kwenda, na shemeji anaweza kuona unamzungusha. Na pesa ikikaa sana kwenye akiba kuna watu hupata shida za ghafla, unajua mwenyewe.

Sasa hilo neno. "Kazi ya zamani" liliuma, na liliuma zaidi kwa sababu lilitoka kwa mtu uliyemshikisha randa. Sikuambii lisiume. Ninachojiuliza ni kama alisema juu ya mashine ama juu yako, na kama wewe ulipokuwa ukisema thiknesa hainyooshi, naye hakusikia "wewe bado ni mwanafunzi wangu". Sijui, sikuwa hapo. Nyinyi wawili mnajua. Kunyamaza mbele ya vijana kulikuwa na heshima. Kunyamaza mpaka leo mkiwa peke yenu ni jambo jingine, na unaweza kumtoa mkanywe chai mahali mbali na banda ukamwambia tu kwamba lile neno lilikufikia, bila kulichanganya na mashine siku hiyo. Hatari ni kwamba anaweza kukasirika akapeleka nyumbani. Lakini mama mkwe unayemwogopa, mpaka sasa hajasema kitu, umemsemea wewe.

Na mke wako, mbona amekaa nje ya mlango? Yeye ndiye amekopa. Akisema mkubaliane nyinyi, pengine anakataa kuchagua kati ya mume na ndugu yake, na simlaumu. Kuna kumwita aseme deni linalipwa lini na kwa kiasi gani kila mwezi, hilo tu, bila kumuuliza mashine gani. Huenda tarehe zake zikawapunguzia maneno mengi, ama zikawabana kuliko mlivyofikiri. Pia mkinunua, mashine itakuwa ya nani siku mmoja akitaka kutoka? Andikeni hata kwa karatasi ya daftari, kila mtu ametoa ngapi, wote watatu mtie sahihi.

Kuhusu deposit ya mzee, usiitume kwa simu ukiwa umekaa Kariobangi. Nendeni wewe na shemeji, mbebe mbao yenu moja iliyojikunja vibaya na rula ndefu ya chuma ya kulaza juu ya zile meza mbili kuona kama ziko sawa. Mwambieni awashe. Wewe pitisha uso kwa juu, shemeji apitishe kwa chini, halafu ilazeni sakafuni hapo hapo muone kama inacheza, na kile mtakachokiona mkiongee mkiwa kwa matatu ya kurudi, kabla hamjafika kwa vijana.